Machimbo ya Changarawe na Mkondo wa Mto: Kinga ni Kazi ya Nani?

Hakuna ujenzi wa kisasa bila changarawe na mchanga. Zege linalobeba shule, zahanati na madaraja yetu kwa sehemu kubwa ni mawe madogo na mchanga vilivyoshikanishwa kwa saruji. Barabara ya lami nayo hulala juu ya tabaka la kokoto. Kwa hiyo nchi inayojenga ni nchi inayochimba, na anayetaka kupinga uchimbaji wote wa changarawe aeleze kwanza nyumba yake imejengwa kwa kitu gani.

Suala la kujiuliza ni mahali pa kuchimba na namna ya kuchimba. Katika nchi nyingi changarawe iliyo rahisi kuliko zote hupatikana kando ya mito, katika nchi tambarare ambayo mto huifunika unapofurika. Sababu yake ni ya wazi. Mto umefanya kazi ya maelfu ya miaka bila mshahara: umevunja miamba ya milimani, umeyaviringisha mawe mpaka yamekuwa laini, umeyaosha udongo, na umeyapanga kwa ukubwa. Mchimbaji hahitaji baruti wala mashine ya kusagia. Anahitaji katapila, malori na kibali. Tena mara nyingi miji imekua karibu na mito, basi hata nauli ya lori huwa ndogo. Kila kitu humvuta mwekezaji kuelekea bondeni.

Lakini changarawe ile ile ni ushahidi. Mahali ilipo, mto umewahi kupita. Uwanda wa mafuriko si jirani wa mto, ni sehemu ya mto ambayo kwa sasa haitumiki. Asiyelielewa jambo hili hulitazama shimo la changarawe kama shimo la taka au kisima, yaani kitu kilichotulia mahali pake, ambacho kinahitaji uzio tu ili watoto na ng'ombe wasitumbukie. Katika makala hii tutajaribu kueleza kwa nini mtazamo huo ni wa hatari, kinga ya kweli dhidi ya mmomonyoko hujengwaje, na kwa nini kinga hiyo hukosekana hata katika nchi zenye wahandisi wengi na sheria nene.

Jinsi mto unavyoingia shimoni

Tuanze na maji yenyewe. Tuseme shimo lina kina cha mita 10 na liko mkavu, kwa kuwa mchimbaji anapiga maji kwa pampu usiku na mchana. Mto unafurika. Maji yanaenea uwandani taratibu, pengine kwa kasi ya mtu anayetembea, na mwanakijiji aliyesimama mlangoni kwake anaona maji ya magotini tu. Maji hayo yakifika kwenye mdomo wa shimo yanaanguka. Kitu chochote kinachoanguka mita 10 hufika chini kikiwa na kasi ya karibu mita 14 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 50 kwa saa. Changarawe ya ukubwa wa ngumi husombwa na maji yanayokwenda mita 2 au 3 tu kwa sekunde. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima: maji yaliyokuwa mpole uwandani yamepewa nguvu na shimo.

Nguvu hiyo hula ukingo kutoka chini. Ukingo ukishachimbwa miguuni, sehemu ya juu hukatika na kuporomoka, maji huisomba, na ukingo mpya husimama nyuma kidogo ya ule wa zamani. Kisha maji huanza tena. Kwa njia hii poromoko hurudi nyuma, kuelekea kule maji yanakotoka, likichonga korongo. Wakulima wetu wanaijua tabia hii katika mashamba ya miteremko, ambako kijifereji cha mwaka huu huwa korongo la mwaka kesho. Tofauti ni ya muda. Katika shimba la mkulima kazi hiyo huchukua misimu kadhaa; kando ya shimo refu la changarawe, katika mchanga usioshikana, huchukua saa chache. Korongo likiufikia mkondo wa mto, mto wote hugeuka na kupita shimoni, na mkondo wa zamani hubaki mkavu.

Athari haziishii hapo. Mto ulioingia shimoni huacha humo mawe na mchanga wote uliokuwa umebeba, kwa sababu maji yametulia. Yanapotoka upande wa pili huwa hayana mzigo, na maji yasiyo na mzigo hutafuta mzigo mpya: huchimba sakafu ya mto na kingo zake huko chini, pamoja na misingi ya madaraja. Upande wa juu nao sakafu ya mto hushuka kwa sababu ya lile poromoko linalorudi nyuma. Basi shimo moja huharibu pande mbili kwa mpigo, na watu wanaoathirika huenda wako kilomita kadhaa kutoka hapo na hawajapata kuliona.

Iko njia nyingine ya pili, iliyojificha zaidi. Maji ya mto hupenya chini ya ardhi kuelekea shimoni, hasa kama shimo linakaushwa kwa pampu. Yakipenya kwa nguvu hubeba chembe za mchanga, na chembe zikiondoka hubaki vijia ndani ya ukuta wa ardhi unaotenganisha mto na shimo. Ukuta huo kwa nje huonekana mzima. Siku ukibomoka watu husema umebomoka ghafla, kumbe umekuwa ukiliwa kwa miaka.

Blessem, Julai 2021

Mfano ulio wazi kuliko yote katika miaka ya karibuni umetoka Ujerumani, nchi ambayo hakuna atakayeituhumu kwa upungufu wa wahandisi. Blessem ni sehemu ya mji mdogo wa Erftstadt, si mbali na jiji la Köln. Karibu na nyumba za Blessem kulikuwa na machimbo ya mchanga na changarawe yenye kina cha makumi ya mita, na kando yake unapita mto Erft, ambao siku za kawaida ni mto mdogo tu.

Tarehe 14 na 15 Julai 2021 mvua kubwa sana ilinyesha magharibi mwa Ujerumani na katika nchi za jirani. Ndani ya Ujerumani peke yake watu zaidi ya 180 walipoteza maisha. Mto Erft ulitoka katika mkondo wake, maji yakapita mitaani na mashambani, na yakaipata njia ya kuingilia shimoni. Yaliyofuata ni yale yale tuliyoyaeleza hapo juu. Ukingo wa machimbo ulianza kuporomoka na poromoko likarudi nyuma mamia ya mita kuelekea kijijini. Nyumba kadhaa zilianguka ndani ya korongo jipya na nyingine zikabaki zikining'inia, na jengo la kale la ngome ya Blessem likapata hasara. Picha zilizopigwa kutoka angani zilienea dunia nzima. Jambo la kushukuru ni kwamba katika kijiji hicho hakuna aliyekufa, kwa kuwa watu waliokolewa na kuhamishwa kwa wakati.

Msomaji atasema: ile ilikuwa mvua ya ajabu, nani angeizuia? Hoja hii hutolewa kila mara baada ya maafa, na yafaa ichunguzwe kwa makini. Mvua haikuchimba shimo. Vijiji vingi vya eneo lile vilipata maji mengi, vikaharibiwa vibaya, lakini ardhi chini ya nyumba zao ilibaki mahali pake. Blessem ilipoteza ardhi yenyewe. Ndiyo maana ofisi ya mwendesha mashtaka ya Köln ilianzisha uchunguzi wa jinai, na maswali makubwa ya uchunguzi huo yalikuwa mawili: je, tuta la kukinga mafuriko lililotakiwa kuwepo kati ya mto na machimbo lilijengwa kama ilivyoagizwa? Na je, miteremko ya kingo za shimo ilikuwa mikali kuliko ilivyoruhusiwa? Uchunguzi haukuishia kwa wenye machimbo. Uliwafikia pia watumishi wa mamlaka ya serikali iliyokuwa na kazi ya kuyakagua.

Hatuna haja ya kuhukumu hapa nani alikuwa na kosa. Tuyatazame maswali yenyewe. Tuta na mteremko: mambo mawili ambayo kila fundi wa machimbo anayajua, ambayo hayahitaji sayansi mpya, na ambayo yalikuwa yamekwisha andikwa katika masharti. Kwa nini basi mambo rahisi namna hii yawe ndiyo ya kutiliwa shaka? Jibu hatulipati katika vitabu vya uhandisi. Tutalipata tukipiga hesabu.

Hesabu ya mteremko

Chukua shimo lenye upana wa mita 100 na kina cha mita 10. Mchimbaji akikata kingo wima kama ukuta, kila mita moja ya urefu wa shimo itampa mita za ujazo 1,000 za changarawe. Sasa mwambie akate kingo kwa mteremko wa moja kwa tatu, yaani kila mita 1 ya kwenda chini ukingo urudi ndani mita 3. Kila upande utakula mita 30, na sakafu ya shimo itabaki na upana wa mita 40 tu. Wastani wa upana unakuwa mita 70, na changarawe inayopatikana ni mita za ujazo 700.

Zimepungua mita za ujazo 300 kwa kila mita ya urefu. Kwa tipa linalobeba mita za ujazo 10, hizo ni safari 30. Kama shimo lina urefu wa mita 200, tunazungumzia safari 6,000 za lori ambazo zimeachwa ardhini ili ukingo usianguke. Ongeza ukanda wa ardhi usioguswa kati ya shimo na mto, na hesabu inazidi kukua.

Tazama sasa mgongano unaotokea hapo. Changarawe inayoachwa ukingoni ina bei, na bei hiyo inajulikana leo sokoni. Usalama unaonunuliwa kwa changarawe hiyo ni wa mtu mwingine, nao hauonekani mpaka siku ya mafuriko, ambayo huenda ikaja baada ya miaka 20 au 50. Faida ni ya mmoja na ni ya leo; hasara ni ya wengi na ni ya kesho. Katika hali kama hii huhitaji kumpata mchimbaji mwenye roho mbaya ili maafa yatokee. Anatosha mchimbaji wa kawaida, mwenye deni la katapila, anayeongeza nusu mita leo na nusu mita wiki ijayo. Wapo wanafunzi wanaopenda kuyaeleza matatizo yote ya aina hii kwa neno moja tu, uroho. Neno hilo halitoshi, maana halituambii tufanye nini. Mteremko hautalindwa kwa mahubiri kwa mwenye machimbo. Utalindwa na mtu wa nje yake, mwenye mamlaka ya kupima na ya kusimamisha kazi, ambaye mshahara wake hautegemei idadi ya malori.

Kinga yenyewe

Kada hahitaji kuwa mhandisi, lakini anahitaji kujua vya kutosha ili asidanganywe. Tueleze basi kinga zinazotumika, kwa kuanzia na ile iliyo bora na yenye kusahauliwa.

Kinga ya kwanza ni umbali. Ukanda wa ardhi usiochimbwa, wenye miti na majani yake, ndio ukuta wa kwanza. Upana wake hauwezi kuwa mmoja kwa mito yote. Mto unaopita katika mwamba hauhami. Mto unaopita katika mchanga na changarawe huhama, na baadhi huhama mita nyingi katika furiko moja. Kwa hiyo kabla ya kuamua umbali hutazamwa ramani za zamani, picha za angani za miaka tofauti na makorongo makavu yaliyobaki uwandani, na wazee wa mahali hapo huulizwa mto ulipita wapi walipokuwa vijana. Kazi hii ni ya gharama ndogo kuliko kujenga kinga ya mawe, na bado ndiyo inayorukwa.

Kinga ya pili ni umbo la shimo, yaani kina na miteremko tuliyokwisha kuieleza. Shimo pana lisilo refu kwenda chini halina hatari sawa na shimo jembamba lenye kina kirefu, hata kama yote mawili yametoa changarawe kiasi kile kile.

Kinga ya tatu inashangaza wengi wanapoisikia kwa mara ya kwanza: ni kuyaruhusu maji yaingie. Fikra ya kawaida ni kujenga tuta refu kati ya mto na shimo ili maji yasipite kabisa. Tuta hilo lina kasoro mbili. Kwanza, maji yaliyozuiliwa upande huu husukumwa upande wa pili, kwa jirani. Pili, siku maji yatakapolipita, yataanguka kutoka juu ya tuta mpaka chini ya shimo, na kadiri tuta lilivyo refu ndivyo anguko linavyokuwa kubwa. Wahandisi wenye uzoefu hufanya kinyume. Huchagua mahali pamoja kwenye tuta, katika mwisho wa shimo ulio upande wa chini wa mto, wakapashusha na kupavika mawe. Mto ukianza kujaa, maji hurudi nyuma kupitia mlango huo na kuingia shimoni polepole. Mafuriko makubwa yanapofika na kupita juu ya tuta upande wa juu, shimo limekwisha kujaa. Anguko lililokuwa la mita 10 limekuwa la mita moja au chini ya hapo, na maji yaliyomo shimoni yanapokea pigo. Maji yanakuwa kinga dhidi ya maji. Hii ndiyo sababu shimo linalokaushwa kwa pampu ni la hatari zaidi kuliko bwawa, na ndiyo sababu mlango wa mafuriko hautakiwi kuzibwa na mchimbaji asiyetaka mashine zake zilowe.

Kinga ya nne ndiyo ile ambayo watu huifikiria kwanza, yaani mawe. Mawe ya kinga yawe makubwa na yenye pembe, kwa sababu mawe ya mviringo ya mtoni huviringika. Chini yake liwepo tabaka la kichujio, la kokoto ndogo na mchanga mnene au kitambaa maalumu cha kuchujia. Bila kichujio, maji hufyonza udongo kupitia nafasi zilizo kati ya mawe, na mawe huzama moja moja mpaka ukingo unabaki uchi. Na mguu wa kinga ushuke chini ya kina ambacho mto unaweza kuchimba, la sivyo mto utapita chini ya mawe na kuyaangusha yote. Ukiona tipa linamwaga mawe juu ya ukingo, bila kichujio na bila mguu, ujue kinachofanyika ni maonyesho. Masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, yale yanayoitwa gabioni, yanafaa mahali penye mawe madogo tu, lakini waya huoza na huibwa, na inabidi yatazamwe kila mwaka. Matete, mianzi na nyasi zenye mizizi mirefu hushika sehemu ya juu ya ukingo na zinaweza kupandwa na wanakijiji wenyewe; hata hivyo haziwezi kuushikilia ukingo wima wa mita 10, na asitokee mtu wa kuzitumia kama kisingizio cha kuacha kazi ya mteremko.

Jambo la mwisho hapa ni pande mbili za ukuta. Wengi huukinga upande wa mto tu. Lakini tuta au ukuta wa ardhi unaotenganisha mto na shimo hushambuliwa pia kutoka shimoni: na maji yanayoanguka, na mawimbi ya upepo bwawani, na maji yanayotoka ndani ya udongo pale bwawa linaposhuka haraka. Huko Marekani, katika bonde la mto South Platte kwenye jimbo la Colorado, ambako changarawe imechimbwa uwandani kwa miaka mingi, mamlaka ya udhibiti wa mafuriko ya eneo la Denver imeweka mwongozo maalumu kwa machimbo ya aina hii, na mwongozo huo unashughulikia ukingo wa upande wa mto, ukingo wa upande wa shimo, na milango ya kuingizia maji.

Shimo lililosahauliwa

Colorado hiyo hiyo inatufundisha jambo lingine. Mto St. Vrain, mmoja wa mito inayomimina maji yake katika South Platte, ulikuwa umezungukwa na mabwawa mengi yaliyobaki baada ya uchimbaji kwisha. Baadhi yalikuwa yamegeuzwa kuwa mahali pa mapumziko, kama pale Pella Crossing, mali ya wilaya ya Boulder. Watu walivua samaki, wakatembea kwenye matuta yaliyotenganisha bwawa na bwawa. Palikuwa pazuri, na shimo likasahauliwa kuwa ni shimo. Septemba 2013 mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo. Mto ukaingia mabwawani, tuta moja likakatika na kumwaga maji yake kwenye bwawa lililofuata, na hilo likafanya vivyo hivyo. Mto ukaacha njia yake. Kazi ya matengenezo ilichukua miaka, kwa fedha za umma.

Mto mwingine, East Fork Lewis katika jimbo la Washington, uliingia katika mashimo ya changarawe yaliyokwisha kufungwa mnamo Novemba 1996 na kuuacha mkondo wake wa asili, ambao samaki aina ya salmoni walikuwa wakizaliana. Hadi miaka ya 2020 bado mipango ilikuwa ikifanywa ya kuurekebisha mto huo. Tazama muda: matengenezo yasiyokwisha baada ya robo karne.

Kwa hiyo kipindi cha hatari cha shimo hakilingani na kipindi cha leseni. Leseni huisha, kampuni huvunjwa au kuuzwa, mkaguzi hustaafu. Mto hubaki, na shimo hubaki.

Hali yetu

Tanzania nayo haina sababu ya kujisifu. Katika mabonde ya mito ya Dar es Salaam na viunga vyake, kama Mpiji, Tegeta na Mbezi, uchimbaji wa mchanga umelalamikiwa kwa miaka mingi. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini humo yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Yale yalikuwa na sababu nyingi, na uchimbaji wa mchanga haufai kubebeshwa zote. Hata hivyo yalitukumbusha kwamba mabonde yetu si ardhi tupu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka mtoni shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya kingo. Ni kifungu kizuri, na kila kada wa kata na kijiji anapaswa kukijua. Lakini tujihadhari na tabia ya kukigeuza kuwa hirizi. Mita 60 hupimwa kutoka ukingo wa leo, na ukingo wa mto wa mchanga hausimami. Pale Blessem poromoko lilikwenda mamia ya mita. Mtu anayechimba shimo refu mita 61 kutoka mtoni ametii tarakimu, na pengine bado ameuwekea mto mtego. Kipimo cha sheria ni kiwango cha chini. Kinachotakiwa juu yake hutegemea kina cha shimo na tabia ya mto wenyewe.

Kisha kuna suala la wachimbaji wadogo, ambalo haliwezi kupitwa kimya. Kijana anayechimba mchanga kwa koleo na kupakia lori kwa kulipwa kwa siku si sawa na mwenye lori, wala si sawa na mwenye kiwanda cha zege anayenunua bila kuuliza mchanga umetoka wapi. Operesheni nyingi humkamata yule wa kwanza kwa kuwa ndiye aliye bondeni mchana kweupe. Baada ya wiki mbili anarudi, kwa sababu njaa imemrudisha na soko bado lipo. Ikiwa halmashauri inataka mabonde yapone, ianze na mnunuzi: kila mradi wa ujenzi wa umma udai hati ya mahali changarawe ilipochimbwa, na itenge maeneo yaliyopimwa, nje ya njia ya mto, ambako vijana hao watachimba kwa ushirika na kwa kina kilichowekwa. Bila eneo mbadala, katazo ni njia ya kuhamishia uchimbaji usiku.

Na kuhusu uwajibikaji, ziko aina mbili, nazo zisichanganywe. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001 daraja la Hintze Ribeiro huko Ureno lilianguka katika mto Douro, na watu 59 walikufa. Nguzo yake ilikuwa imechimbwa miguuni na mto, na uchimbaji wa mchanga uliofanywa mtoni kwa miaka mingi ulitajwa miongoni mwa sababu. Waziri aliyehusika, Jorge Coelho, alijiuzulu mara moja. Miaka mitano baadaye, mwaka 2006, mahakama iliwaachia huru wahandisi sita walioshtakiwa. Wapo wanaoona kuna kinyume katika mambo haya mawili. Hakuna. Mahakama huuliza kama mtu fulani amevunja sheria fulani na ushahidi uko wapi. Kiongozi huulizwa jambo jingine: wakati mchanga ukitoka mwaka baada ya mwaka, nani alikuwa na kazi ya kuitazama nguzo?

Swali hilo laweza kuulizwa kabla ya maafa, tena katika kikao cha kawaida cha kijiji, ombi la machimbo linapoletwa. Mwombaji aonyeshe mchoro wa shimo wenye vipimo vya kina na mteremko, na mahali mlango wa mafuriko utakapokuwa. Nguzo za mipaka zisimikwe kabla ya lori la kwanza, ili hata mwanakijiji asiyesoma mchoro aone kama katapila limevuka. Sheria ya mwaka 2004 imeweka utaratibu wa dhamana ya utekelezaji wa mazingira. Kwa machimbo ya uwandani dhamana hiyo idaiwe mapema na isirudishwe kwa maneno, irudishwe baada ya kingo kupimwa. Na nakala ya mchoro ibaki katika ofisi ya kijiji pamoja na jina la chombo kitakacholitazama tuta kila baada ya masika, leseni ikiwa hai au ikiwa imekufa. Mwombaji akisema kazi hiyo ni ya serikali, aulizwe ni idara ipi na kwa fungu lipi. Na kama hakuna idara wala fungu, gharama hiyo iingizwe katika bei ya changarawe yake kabla ukingo haujaguswa.